Nyumba Isiyotoa Moshi

Jumapili, 4 Mei

Nimechota maji, nimepika uji, nimegombana na mtandao wa simu. Mtandao umeshinda. Ili kuupata lazima nipande juu ya kichuguu nyuma ya nyumba na kusimama kama sanamu ya mkombozi wa taifa. Ndipo nilipotuma makala ya wiki hii. Mada: wasomi wanaosifu kilimo wakiwa kwenye viti vya kuzunguka. Nitatukanwa. Vizuri. Wiki nisiyotukanwa naona nimeandika upuuzi.

Ramazani yuko shambani tangu alfajiri. Kabichi na vitunguu saumu. Anapima mistari kwa kamba, kila mche umbali uleule na mwenzake. Nimemwambia kabichi haipigi saluti. Akacheka puani, akaendelea kupima.

Huyo ndiye mume wangu. Mtu wa Maniema, askari wa zamani. Vita vya mashariki ya Kongo vilimchukua kijana, vikamtema mtu mzima. Akaja Johannesburg akawa mlinzi wa usiku kwenye maghala ya Midrand mpaka mvi zikamjaa. Sasa ameacha kazi, anataka kuwa mkulima. Si penginepo, ni hapahapa maghala yanapokoma na majani yanapoanza. Majani ya njano mpaka macho yachoke. Kivuli ni cha mgunga mmoja wa miba na cha nyumba yetu ya mawe, vyumba viwili na bati.

Mimi ni mtoto wa Tanga mjini na mkazi wa mtaa wa Bertrams, Johannesburg. Nimezoea kulala nikisikia jirani akigombana na mkewe. Hapa kimya kinanipigia kelele.

Jumatano, 7 Mei

Niandike masharti kabla hayajaanza kupindishwa, hasa na mimi.

Ardhi ni ya Hesta, bibi wa Kiafrikana, mjane, nyumba yake iko juu ya mgongo wa kilima unaotazamana na sisi. Ramazani alikuwa akilinda ghala linalopakana na uzio wake, na kila ulipokatika aliurekebisha bila kuombwa. Wakawa marafiki. Yeye humwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, naye humwita Rama. Wenye maghala wanataka kununua kipande hiki. Gogo Hesta hataki, ila amezeeka, na watoto wake wako ng'ambo. Akasema atampa Ramazani mkataba wa kuishi na kulima hapa maisha yake yote, kwa sharti moja. Mume na mke walale hapa majira yote ya baridi, mpaka mvua ya kwanza. Nyumba isilale tupu hata usiku mmoja. Mwanamume peke yake, alisema, si mkulima, ni mlinzi, na walinzi amewaona wengi. Nikimkimbia mume wangu nikarudi mjini, yeye anauza.

Nikamuuliza atajuaje kama tumelala au hatukulala.

"Nitajua tu, Mama Amani," alisema, akabadilisha mazungumzo.

Jibu hili silipendi. Mtu mwenye hoja huitoa mezani. Lakini Ramazani alishampa mkono, na mume wangu akitoa mkono ametoa roho. Nimekubali. Nimejiapiza kwamba sitaionea haya ile makala yangu ya mwaka jana niliyowacheka wanaume wa mjini wenye ugonjwa wa shamba. Makala ile ni sahihi. Mgonjwa ni huyu, mimi ni muuguzi tu.

Ijumaa, 16 Mei

Sakitu. Sikuwa nimeiona karibu hivi. Umande umeganda juu ya majani, kila unyasi umevaa unga wa sukari, na ukikanyaga unasikia kama unatafuna biskuti. Nilitoka nje na kanga mbili na blanketi. Ni pazuri. Naandika hapa tu, Ramazani asije akajua.

Niseme ukweli kuhusu moto wake pia. Nyumba ina bomba zuri la moshi, alilijenga marehemu baba mkwe wa Gogo kwa mawe. Ramazani haligusi. Nyuma ya jiko, chini ya mgunga, amechimba mashimo mawili yaliyounganishwa chini kwa chini. Moja la moto, jingine la kuvuta hewa. Anachoma vijiti vikavu vilivyomenywa ganda, vyembamba kama vidole vya mtoto. Moto unawaka mkali, sufuria inachemka upesi, na moshi hakuna. Ukibaki mvuke wa kukisia, matawi ya mgunga yanaumeza. Ndivyo walivyopika msituni wakati wa vita, asionekane mtu.

Kwanza nilicheka. Siku hizi nasifu. Nguo zangu hazinuki, macho hayaniwashi, uji unaiva kabla sijamaliza kulalamika. Jioni anapasha mawe kwenye shimo, anayafunga kwenye gunia, anayaweka miguuni kitandani. Tanga nzima hakuna mwanamke anayelala kifalme hivi.

Jumamosi, 24 Mei

Tumegombana kuhusu njia.

Nilitaka tuwe na kijia kutoka mlangoni mpaka lango la barabarani. Jambo la kawaida la binadamu. Ramazani kila siku anapita kwingine. Leo kushoto kwa kichuguu, kesho kulia, keshokutwa anazunguka kote uzioni. Na mimi ananiomba nifanye vivyo hivyo, majani yasilale. Madirisha nayo ameyafunika mablanketi, taa haionekani nje. Nguo nafulia na kuanika ndani, naziinamia kila nikipita kama naingia msikitini.

Nikamwambia vita viliisha. Nikamwambia adui pekee aliyebaki ni fuko anayekula vitunguu. Nikamtolea hoja, moja baada ya nyingine, nzuri zote.

Akasema, "Mama Amani, iko kweli unasema. Lakini miguu yangu haijasikia."

Hilo limenitia hasira kuliko kushindwa. Nimekwenda kwenye kichuguu, nikamjibu bwana mmoja wa Nairobi aliyeniita mpinga maendeleo. Nilimchana mpaka nikapoa.

Binti yetu Amani alipiga simu nikiwa hukohuko. Anasoma chuo Doornfontein, anakaa na rafiki zake. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, tunaelewana vizuri kuliko mabunge mengi. Nilimweleza habari ya njia. Akasema eish, mama, baba amefanya hivyo maisha yake yote, ulikuwa huoni tu kwa sababu mjini kuna lami.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Tulikwenda mjini asubuhi kuswali, tukala kwa Zuhura, shoga yangu wa tangu Tanga. Nyumba imejaa. Pilau, watoto, redio mbili zinazopingana. Nilitaka kulia kwa raha.

Zuhura alinishika mikono akaigeuza. "Tazama kucha hizi. Bibi shamba wetu huyu. Mchagua jembe si mkulima, shoga, na wewe nakujua, jembe utalichagua mpaka mvua ziishe."

"Nimelima mstari mzima wa vitunguu."

"Ulikuwa ukilima au ukiuhutubia?"

Nyumba nzima ilicheka, Ramazani zaidi ya wote. Sijaudhika. Sana.

Alasiri wakaniambia nilale, baridi ni kali, bibi wa kilimani hatajua. Kitanda cha Zuhura kina blanketi la umeme. Nilijaribiwa. Nakiri kwamba kama ingekuwa kura ya siri ningelala. Ila nilimwona Ramazani amesimama mlangoni na kofia mkononi, anatazama saa ya ukutani. Nikafunga pilau kwenye bakuli, tukarudi. Giza lilishaingia tulipofika, tukapita kwenye majani kama wezi wa nyumba yetu wenyewe.

Hatujakosa usiku hata mmoja. Najivunia jambo ambalo mwezi uliopita ningelicheka.

Alhamisi, 12 Juni

Watu watatu wameingia shambani asubuhi. Fulana za kung'aa, chombo cha kupimia juu ya miguu mitatu, furushi la vigingi vyenye utepe mwekundu. Kigingi cha kwanza wakakipigilia katikati ya kabichi.

Nilitoka nimeshika mwiko. Mkubwa wao, kijana wa Kizulu mwenye adabu, aliruka nyuma. "Samahani, mama. Tuliambiwa hapa hakai mtu."

"Nani amewaambia?"

"Mwenye ardhi. Amesema wapangaji waliondoka zamani. Anatia saini na watu wa maghala wiki ijayo."

Alikuwa hasemi uongo. Macho yake yalikuwa yakienda kwangu, kwenye nyumba, kwenye kabichi, yanarudi kwangu, kama anayetazama mzuka uliovaa sweta. Nikamwambia ang'oe kigingi. Aking'oe polepole asiharibu mche. Akang'oa.

Ramazani alikuwa amesimama ukutani muda wote.  Walipoondoka akaketi chini pale kigingi kilipokuwa, akalishindilia tundu kwa ngumi mpaka likawa sawa na ardhi.

Nina hasira naweza kupasua jiwe. Yule bibi ametudanganya. Mkono wake haukuwa mkono. Kesho nakwenda kilimani. Nimeandaa hoja usiku huu na zote zina meno.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda kilimani. Nimerudi mikono mitupu.

Gogo Hesta alikuwa barazani, blanketi magotini, darubini ya kutazamia ndege pembeni yake. Nyonga inamsumbua, hatembei zaidi ya ua wake. Aliponiona alishangaa kweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwongo, nikakutana na mtu aliyeumia.

"Sikukulaumu," alisema. "Baridi ya huku si ya kila mtu. Lakini Rama angeniambia. Hilo ndilo lililonichoma."

"Angekuambia nini?"

"Kwamba mmerudi mjini."

Nikamwambia hatujalala mjini hata siku moja. Akatikisa kichwa. Ndipo akanieleza alivyojua. Zamani za baba mkwe wake nyumba za huku zilikuwa mbalimbali, watu hawakuweza kutembeleana kila siku. Kila alfajiri mtu alitoka barazani akatazama moshi wa jirani. Moshi ukipanda, jirani ni mzima, shughuli zinaendelea. Usipopanda, amekufa, anaumwa, au amehama. Hakuna aliyebisha hodi kukagua, ilikuwa ni kukosa heshima. Walitazama moshi tu.

"Nimetazama bomba lenu tangu Mei," alisema. "Halijatoa hata uzi. Hakuna taa. Hakuna nguo kambani. Shamba liko nyuma ya nyumba, silioni. Hata njia ya kufika mlangoni hakuna, majani yamesimama. Nyumba yenye watu haiwi hivyo, Mama Amani."

Nilipasuka kicheko. Kosa. Alidhani namcheka yeye. Nikaeleza shimo, vijiti, mgunga, mablanketi. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nadanganya. Moto usio na moshi. Watu wanaotembea bila njia. Hata mimi nisingeamini. Maisha yangu yote nimeshinda watu kwa maneno, na leo ukweli mtupu umekataa kutoka mdomoni ukiwa na sura ya ukweli.

Nikamwomba aje aone. Akakataa. Hakagui watu, hajawahi, hataanza uzeeni. Jumatatu ni sikukuu, ofisi zimefungwa. Jumanne watu wa maghala wanakuja na karatasi.

"Basi tazama kesho alfajiri," nikasema. "Utaona moshi."

"Moshi wa siku moja anaweza kuuwasha mpita njia," akasema. Lakini akaongeza, "Nitatazama."

Jumamosi, 14 Juni

Siku mbaya. Niandike upesi.

Alfajiri nilimwambia Ramazani awashe moto kwenye bomba. Majani mabichi kidogo, moshi, mwisho. Alichukua kuni. Alizipanga vizuri mno. Akachukua kiberiti akakaa nacho. Akakaa. Jasho likamtoka kwenye baridi ile.

"Mi siwezi," alisema.

Nikamnyang'anya kiberiti nikawasha mwenyewe. Moshi wa kwanza ulianza kuingia bombani. Sijui alinyanyukaje. Niliona tu ndoo ya maji mkononi mwake na moto umezimika, chumba kimejaa majivu, na yeye anatazama ndoo kama imebebwa na mtu mwingine.

Nilisema mambo. Nilisema ardhi inakwenda kwa ajili ya moshi. Nilisema nimeacha mji, nimeacha Zuhura, nimelala na mawe, na yeye hawezi kuwasha jiko. Nilisema nimeolewa na handaki. Hilo la mwisho lilikuwa zuri kwa makala, baya kwa mume.

Nikachoka. Kisha alisema mengi kwa mara moja kuliko alivyosema mwaka mzima.

"Kule porini moshi njo ilikuwa inatuuza kwa adui. Mwenzetu mmoja alisikia baridi, akawasha kuni mubichi. Kijana tu. Alitaka chai. Asubuhi hakukuwa na mwenye kunywa, isipokuwa mimi, maana nilikuwa nimekwenda mutoni kuchota maji." Akainamisha kichwa. "Nikiona moshi juu ya nyumba yangu, na wewe uko ndani, mwili unafanya kazi yenyewe. Usikasirike."

Miaka yote hii sikujua habari ya mto. Nilijua vita kwa jumla. Nimeandika makala ngapi juu ya vita kwa jumla.

Nikachukua ufagio tukazoa majivu pamoja. Hasira imekwisha. Hofu imebaki. Jumanne iko karibu na sina hoja.

Jumapili, 15 Juni

Amekwenda yeye.

Sikumtuma. Alasiri, Gogo akiwa amesharudi kutoka kanisani, Ramazani alivaa shati lake la Idi, akatoka mlangoni akaenda kilimani moja kwa moja. Hakuzunguka kichuguu, hakuzunguka uzio. Nilisimama mlangoni nikaona majani yakilala nyuma yake, mstari mmoja, kama nywele zilizopasuliwa kwa kitana. Alipofika katikati alisita. Nikafikiri atageuka. Akaendelea.

Aliporudi alisema, "Kesho asubuhi Gogo anakuja kunywa chai."

"Si alisema hakagui watu?"

"Sikumuomba akague. Nimemualika. Amesema tangu mume wake afe hakuna jirani amemualika chai."

Mimi nilipeleka hoja tisini. Hilo halikunipita kichwani. Nimekaa nikacheka mpaka machozi, kisha nikakanda maandazi, kwa sababu hata kama tunapoteza ardhi, hatutaipoteza mbele ya mgeni mwenye njaa.

Jumatatu, 16 Juni

Alikuja na pikapu yake ya zamani kupitia lango, Ramazani akikimbia mbele yake kuonyesha pasipo na mashimo. Jua lilikuwa linachomoza, sakitu bado nyeupe. Alishuka kwa mkongojo, akasimama akivuta hewa kwa pua.

"Nasikia harufu ya iliki," alisema. "Jiko liko wapi?"

Tukampeleka nyuma, chini ya mgunga. Kikaango kilikuwa juu ya shimo, maandazi yanaogelea kwenye mafuta, birika la chai pembeni linachemka. Alitazama juu. Matawi, anga, hakuna kitu. Akatazama chini, moto umewaka chini ya ardhi kama tanuri. Akasogeza mkono, akaurudisha haraka. Akaomba kiti.

Alikula maandazi manne. Niliyahesabu kwa furaha ya mwenyeji. Akanywa chai akasema tangawizi ni nyingi. Nikamwambia tangawizi haiwi nyingi, chai ndiyo huwa kidogo. Akasema mke wako anabishana na vinywaji, Rama. Ramazani akasema bado hajamuona akibishana na redio.

Kisha akauliza. "Kwa nini unajificha, Rama? Kwa nani?"

Ramazani alimweleza. Kwa maneno machache kuliko aliyonipa mimi, kwa Kiingereza chake cha ulinzi kilichochanganyika na Kizulu. Moshi. Baridi. Mto.

Yule bibi alizungusha kikombe. Nilitaka kusaidia, nikajiuma ulimi. Baadaye alisema mumewe alirudi kutoka vita vya mpakani mwa Angola akiwa kijana. Hakutaka taa ya barazani iwashwe. Maisha yao yote ya ndoa walikaa barazani gizani, na wageni wakidhani ni ubahili.

"Nilimsumbua sana kwa ile taa," alisema. "Sikumuuliza."

Hakutazama mtu alipokuwa akisema hivyo. Alikuwa anatazama shimo.

Nikaona ni zamu yangu, maana mtu lazima alete mjadala kwenye mambo ya dunia. Nikauliza habari ya Jumanne. Akasema watu wa maghala watakunywa chai kwake, mbaya kuliko hii, na watarudi na karatasi zao. Lakini yeye bado anahitaji kuona kitu kila asubuhi. Si kwa ajili ya sharti. Yuko peke yake kule juu, na jirani asiyeonekana ni sawa na kutokuwa na jirani.

"Moshi sikulazimishi, Rama. Nipe kingine."

Tulijadiliana, mimi kwa nguvu zaidi. Bendera nilikataa, nina msimamo wangu kuhusu bendera. Kengele alikataa yeye. Ramazani ndiye aliyesema shuka. Ataanika shuka nje kila alfajiri, kwenye kamba, upande wa kilima.

Gogo akasema nyumba yenye shuka kambani ni nyumba yenye watu. Akampa mkono tena. Nilitazama ule mkono vizuri safari hii. Ulikuwa mkono.

Jumanne, 17 Juni

Alfajiri Ramazani alitoka na shuka la maua. Akalianika, akarudi ndani haraka kama aliyefanya jambo la aibu. Baada ya muda mfupi likaganda likawa ubao. Upepo ulipovuma liligonga kamba kama mlango.

Nimepanda kichuguu kutuma makala. Nimeandika juu ya wanaoamini kwamba mtu asiyeonekana hayupo. Bwana wa Nairobi amejibu kabla sijashuka. Maisha yamerudi mahali pake.

Jumapili, 20 Julai

Amani amekuja na marafiki zake wawili wa chuoni kuona wazazi wanaoishi porini. Porini, na ghala linaonekana dirishani. Sasa dirisha moja halina blanketi, la jikoni, kwa hiyo linaonekana.

Wamepiga picha kila kitu, hasa shimo. Baba yake akawafundisha kumenya vijiti. Amani alimuuliza kwa Kiingereza kama alimenya hivyo vitani, akamjibu kwa Kiswahili kwamba ndiyo, na kwamba hapa vijiti ni vizuri zaidi. Wakaendelea kumenya. Nilikuwa natayarisha hotuba ya kuwaeleza wale vijana historia ya Maziwa Makuu. Hakuna aliyeihitaji. Nimeila mwenyewe pamoja na kabichi.

Kabichi ni tamu. Sakitu inazitia sukari, anasema Gogo. Nimebisha, nikaonja tena, nikanyamaza.

Njia ya kwenda kilimani imeanza kuonekana. Ni nyembamba. Mimi ndiye ninayeikanyaga zaidi, nampelekea Gogo magazeti tugombane. Ana maoni ya hovyo kuhusu karibu kila jambo. Nampenda.

Jumanne, 30 Septemba

Mvua ilikuja jana jioni. Ilianza na radi zilizotikisa bati, ikamwagika kama mtu amepindua tangi, ikaisha ghafla. Udongo ulinuka mpaka nikatoka nje miguu mitupu.

Leo asubuhi Gogo alikuja na karatasi kwenye mfuko wa plastiki. Alizisoma zote kwa sauti kwa sababu nilimtaka azisome zote. Nilipinga vifungu viwili, akabadilisha kimoja. Ramazani alitia saini polepole, jina lote. Gogo akasema sasa ana haki ya kulalamika kuhusu mvua kama wakulima wengine, akaondoka kuwahi daktari.

Shimo lilikuwa limejaa maji. Vijiti vimelowa, kuni zimelowa, hakuna kikavu nyumba nzima. Nilikuwa nataka chai. Sikusema.

Ramazani alisimama juu ya shimo muda mrefu. Kisha akakusanya kuni zilezile mbichi, akaingia nazo ndani, akazipanga chini ya bomba. Njiti ya kwanza ilizimika, na ya pili. Ya tatu ikashika. Akaweka birika.

Akatoka nje. Nilimwona dirishani, amesimama kwenye matope, mikono nyuma, anatazama juu ya bati. Moshi ulikuwa mzito na wa kijivu, unakwenda upande wa kilima.

Nilikuwa na la kusema. Nina la kusema siku zote. Nikamimina vikombe viwili, nikatoka, nikampa chake, nikasimama naye.